Kiingereza Nilichojifunza Nikishika Mkia

Wiki iliyopita mama mmoja muuza maziwa aliteremka kutoka Masisi, akasimama mbele ya mlango wangu hapa Kashebere kuomba maji ya kunywa. Alibeba bidoni za plastiki kama wenzake wote, lakini chombo chake kimoja kilikuwa ndoo ya chuma yenye mfuniko. Alipoifunua kuangalia kama maziwa hayajaharibika njiani, harufu ikanijia: maziwa, chuma baridi, na kwa mbali majani yaliyolowa. Nilimwomba asifunike haraka. Aliniangalia jinsi watu wanavyomwangalia bibi aliyeanza kupotewa na akili, akafunika, akaenda zake. Sikumweleza kitu. Nitawaeleza ninyi wa rika langu, maana ninyi mnajua maziwa yalivyokuwa yananukia kabla ya plastiki.

Hapa mtaani wanajua kwamba nasema Kiingereza. Madereva wa malori wanaotoka upande wa Uganda wakikwama, naitwa mimi. Wengine wanadhani nilikaa Kampala, wengine wanasema nililelewa na wamisionari. Si kweli. Nilikijifunza Masisi, juu kabisa, ambako ukungu unalala mpaka jua lipande, nikiwa nimeshika mkia wa ng'ombe kwa mikono miwili. Na nilikijifunza vizuri. Sisemi hivyo kwa majivuno, ingawa majivuno kidogo yapo.

Papa alikuwa mtu wa ng'ombe. Kundi lake lilikula majani kwenye mgongo wa mlima uliokuwa, kwa karatasi za serikali, wa Mbelgiji mmoja tuliyemwita Bwana. Chini ya majani Bwana alipanda pareto, yale maua meupe ya dawa ya wadudu, na chini ya pareto kulikuwa na mashamba ya maharage na migomba ya watu waliolima vilima hivyo tangu zamani. Bwana alituacha pale juu kwa sababu ya mke wake. Madame alikuwa Mwingereza. Bwana alimwoa kwao wakati wa vita na kumleta huku pamoja na masanduku yake na baridi yake ya mikono. Kifaransa hakukipenda, Kiswahili alijua "muzuri" na "polepole" basi. Lakini alipenda ng'ombe, na alishamwambia mumewe kwamba majani ya mlima ni ya ng'ombe, wake na wetu.

Wake alikuwa mmoja tu. Aliitwa Beti. Alizaliwa kwa Waingereza wa Kenya, akaletwa kwa lori, mweusi mwenye mabaka meupe, hana pembe za kumtosha hata ndama, na kiwele chake kilikuwa kikubwa hata tulimhurumia anavyotembea. Tena alitoa maziwa bila ndama kusimama karibu. Papa aliposikia hivyo alikataa kuamini, mpaka akaenda kuona mwenyewe, akarudi akitikisa kichwa.

Mimi kilichonishangaza kilikuwa kingine. Kwetu mwanamke hakamui. Msichana anaosha vyombo vya mti, anavifukiza moshi wa majani mpaka vinukie, anasukasuka siagi, anachunga ndama. Lakini kukaa chini ya kiwele, hapana. Ilisemwa kwamba ng'ombe aliyeguswa chuchu na mkono wa mwanamke atakauka, na wenzake watamfuata. Siku ya kwanza nilipomwona Madame amekaa kwenye kigoda, ndoo ya chuma katikati ya magoti, anakamua mwenyewe, nilikimbia nyumbani kumwambia Mama kwamba kwa Wazungu mambo yameharibika.

"Umeona ngombe imekauka?" Mama akaniuliza.

"Hapana. Ndoo ilijaa."

"Basi enda uchunge ndama."

Ndama wetu niliwachunga kando ya zizi la Beti, na kila asubuhi nilisogea karibu kidogo kuliko jana. Beti alikuwa na tabia ya kumchapa Madame usoni kwa mkia, mkia wenye tope na mavi. Asubuhi moja Madame alifuta jicho, akageuka, akaniona kwenye ua. Akanionyesha mkia, kisha mikono yangu. Nikaingia. Tangu siku hiyo kazi ikawa yangu, na hakuna aliyeifanya vizuri kuliko mimi.

Sasa lazima mkumbuke nyumba niliyotoka. Jioni ng'ombe waliporudi, Papa alisimama mlangoni mwa zizi na fimbo yake, akawasifu mmoja mmoja, kwa jina, kwa ukoo, kwa pembe, kwa mito waliyovuka. Sifa hizo zina mpangilio wake. Huruki neno. Ng'ombe anasikia anavyoheshimiwa, moyo unatulia, maziwa yanashuka. Kwa hiyo mimi, mtoto wa zizi, nilipomsikia Madame akimsemesha Beti kila siku kwa maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, nilielewa mara moja: anamsifu. Kiingereza, nikajua, ni lugha ambayo watu wa kwao wanaitumia kuwasifu ng'ombe. Wao kwa wao bila shaka walikuwa na lugha nyingine, ya watu.

Nikaanza kuzikariri zile sifa. Mlangoni: "Come on, old girl," na Beti anaingia. Ndani, bega la Madame likisukuma paja: "Move over," na Beti anasogea mpaka ukutani. "Stand still," Beti akichezacheza na miguu. "Hold on," hapo mimi nakaza mkia. Halafu Madame anaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, anafunga macho, sauti inashuka kama ya mtu anayembembeleza mtoto kulala: "Let it down. Let it down, then." Kimya kidogo. Kisha maziwa yanapiga chuma, na Madame anasema, "That's it." Mwisho, kofi dogo la upendo kwenye mgongo: "Good girl. All done." Akisahau mafuta ya kupaka chuchu na kwenda kuyachukua huku mlango uko wazi, alinyosha kiganja mbele ya uso wa Beti na kusema, "Stay." Beti angeweza kwenda zake, mlima mzima ulikuwa mbele yake, lakini alibaki.

Nilivyozidi kukaa karibu na Madame ndivyo nilivyozidi kushangaa, maana sifa za Beti zilikuwa zinatoka nje ya zizi. Gari la Bwana likikataa kuwaka kwa baridi, Madame alilipiga boneti na kuliambia, "Come on." Mvua ikitukuta njiani na mimi nikibaki nyuma na ndama, aliniambia mimi, "Come on, we'll get wet," na miguu yangu ikaenda kabla sijafikiri. Bwana akimwita kutoka barazani alijibu, "Hold on, I'm coming," halafu haji. Anaendelea kukamua mpaka tone la mwisho. Nikaelewa kwamba "hold on" maana yake ni usiondoke, lakini usitegemee pia. Radi ilipopiga Beti akatetemeka, Madame alimwekea kiganja mgongoni: "Calm down." Wiki hiyo hiyo Bwana alikuwa anamfokea kapita wake, msimamizi wa wafanyakazi, kwa sababu maua ya pareto yameungua kwenye kikaushio, sura nyekundu, mishipa ya shingo imesimama, na Madame akamwekea kiganja mgongoni vile vile, akasema vile vile. Bwana akatulia. Nilimwangalia kwa heshima mpya. Sikujua kwamba naye anasikia sifa.

Kuna moja nilikosea kwa muda mrefu. Madame alipanda maua ya kwao mbele ya nyumba, mvua ya mawe ikayapiga, akapanda tena, mbuzi wakayala, akapanda tena. Mara ya mwisho alivua kofia, akaitupa chini, akaketi kwenye ngazi akanyosha miguu: "I give up." Alikuwa amekata tamaa, lakini kwa macho yangu alikuwa mtu aliyemaliza kazi na sasa anapumzika. Kwa hiyo nyumbani, kila nilipotua kuni au mtungi wa maji, niliketi, nikanyosha miguu na kusema "I give up" kwa furaha kubwa. Mama alidhani ni sala.

Ndivyo nilivyokijua Kiingereza: kila neno na mahali pake, na mkono unaoambatana nalo, na kinachotokea baada yake. Sikuwa na ubao wala mwalimu, na sikuwahi kukosa hata siku moja.

Kisha tumbo la Madame likakua. Lilikua mpaka ndoo haikupata nafasi katikati ya magoti, na Bwana akampeleka hospitali Bukavu, akamwacha huko kusubiri mtoto. Beti akabaki mikononi mwa wafanyakazi wa pareto. Wa kwanza alipigwa teke la goti. Wa pili hakufika hata kwenye kigoda. Jioni tukamwona kapita Bauma anapanda kwetu, anamvuta Beti kwa kamba.

Bauma alikuwa mwana wa wakulima wa chini, mtu wa mzaha na sauti kubwa, mwenye watoto wengi na koti moja la kizungu. Siku hiyo hakutania. Nyumbani tulisema lugha yetu na kwa kapita tulisema Kiswahili, lakini nitayaandika yote kwa Kiswahili chetu, cha kusema njo badala ya ndiyo na ao badala ya au.

"Papa Feza," akamwambia Papa, maana Feza ndiye mimi, "Bwana amesema ngombe iyi ikae kwako mupaka Madame arudi. Weye njo unajua ngombe."

"Ikae. Majani iko."

"Iko ingine neno." Akakohoa. "Bwana anataka kupanda pareto mupaka kule juu. Madame njo alikuwa anakatala. Sasa Bwana amesema hivi: Madame akikuta ngombe yake iko muzima, na maziwa, yeye ataamua, na munabaki. Akikuta imekauka ao imekufa, munashuka na ngombe zenu zote."

"Tushuke wapi?"

"Hakusema."

"Chini iko mashamba yenu. Kisha mashamba yenu iko pori ya Walikale. Ngombe zitakula miti?"

"Papa Feza, miye niko mudomo ya Bwana tu. Usinipige na macho."

Papa hakumpiga na macho tena. Alimpa maziwa ya kunywa, kama desturi, na kapita aliposhuka, Papa alisimama muda mrefu akiwatazama ng'ombe wake. Kulikuwa na ndama waliozaliwa msimu ule. Nilikuwa mtoto lakini sikuhitaji kuelezwa. Porini ng'ombe hawaishi, na Papa bila ng'ombe sikujua angekuwa nani.

Jioni ile ile alianza. Alimsifu Beti kwa sifa nzuri kabisa, akamtungia ukoo papo hapo, akampa mito ya kuvuka na pembe ambazo hakuwa nazo. Akamletea ndama wetu amnuse ili maziwa yashuke. Beti alimnusa, akageuza kichwa. Papa akachuchumaa na chombo cha mti, akagusa chuchu. Teke lile sikuliona, nilisikia tu chombo kinapiga ukuta. Asubuhi alirudia, jioni alirudia. Siku iliyofuata kiwele kilikuwa kigumu na cha moto, na Beti alisimama na miguu ya nyuma mbalimbali, ameacha kula.

Usiku ule hakuna aliyekula vizuri. Mimi ndiye niliyesema.

"Papa, unamusifu mu luga hajue."

Papa akaniangalia juu ya moto. "Na weye unaijua?"

"Yote."

Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Asubuhi akanichukua hadi zizini, akanisimamisha kwenye mkia, akachuchumaa yeye. Nikaanza na "Move over," Beti akanitupia jicho, akasogea. Papa alishtuka hata akanitazama kana kwamba hajawahi kuniona. "Stand still," Beti akatulia. Nikainamisha sauti: "Let it down. Let it down, then." Nikaona masikio ya Beti yanalegea. Lakini Papa alipoweka mkono wake, mkono mkavu wa fimbo na kamba, ngozi yote ya ng'ombe ilitetemeka, na teke likaja. Maneno aliyakubali. Mkono haukuwa ule anaoujua.

Papa alitoka zizini anachechemea. Alikuwa amekwisha kuelewa, nami pia, kwamba Beti anataka mkono wa mwanamke. Aliyeongea alikuwa Mama, akiwa amesimama nje ya ua na maji ya moto aliyoyaleta kwa ajili ya goti la mumewe.

"Papa Feza. Desturi yetu inafunga ngombe ya nani?"

"Ngombe yetu."

"Na iyi iko ya nani?"

Papa aliinama akashika goti lake.

"Iyi iko ya Madame," Mama akasema. "Tangu izaliwe inakamuliwa na bamama, na haikauke. Iko na desturi yake. Weye njo unaivunjia desturi."

Sijawahi kusikia hoja nzuri kuliko ile, wala kanisani, wala kwa mawakili niliowatafsiria baadaye. Papa alichukua fimbo yake. "Maziwa yake isiingie mu nyumba yangu," akasema. "Wala mu chombo ya mti." Akapanda mlimani kwa ng'ombe wake, akatugeuzia mgongo, asione.

Ndoo ya chuma ililetwa pamoja na Beti. Nikaketi, nikaegemeza paji la uso ubavuni, nikasema "Let it down." Hakuna kitu. Nikasema tena. Hakuna. Niliogopa, maana nilikuwa nimemwambia Papa kwamba naijua yote. Ndipo nikakumbuka kwamba nimeruka mwanzo. Sifa hazirukwi. Nikamtoa Beti nje kabisa ya zizi, nikasimama mlangoni kama anavyosimama Madame, mkono kiunoni. "Come on, old girl." Akaingia kwa hatua zake za polepole, akasogea, akatulia, na mimi nilipofika pale pa kufunga macho, nikafunga macho. Mikono yangu ilikuwa midogo na sikuwahi kukamua, lakini nilikuwa nimetazama kila siku kwa karibu kuliko mtu yeyote duniani. Yakaja. Yalikuja mazito, yana nyuzi nyuzi, mengine ya njano, na yalipiga chuma kwa sauti ile ile. "That's it," nikamwambia, na nililia kidogo, kwa furaha.

Chuchu tatu zilitoa. Ya nne ilikuwa imefungwa, ngumu kama ndizi mbichi. Mama aliniambia nisiilazimishe. Asubuhi na jioni alileta kitambaa kilicholowa maji ya moto, akakanda nacho pale, kisha nikapaka siagi yetu ya ng'ombe na kusugua taratibu kuelekea chini. Papa hakuingia tena zizini nilipokuwa nakamua. Alisimama upande wa pili wa ua, mgongo kwetu, akauliza neno moja.

"Ya ine?"

"Bado, Papa."

Maziwa yalipokuwa safi yalikwenda kwa kapita Bauma, maana yeye hakuwa na desturi ya ng'ombe na watoto wake walikuwa wengi. Mzaha wake ulirudi haraka. "Watoto yangu banajaa mashavu," alisema akipokea ndoo. "Sasa nangoja baanze kusema Kiingereza." Kisha, sauti chini, alimwambia Papa kwamba Bwana amekwisha kuagiza miche ya pareto.

Papa alianza kutembea. Aliondoka alfajiri kutafuta mahali pengine, akarudi jioni na tope mpaka magotini na majani ya porini yamemng'ang'ania kwenye suruali, na mahali hakupata. Kundi aliliweka kwenye majani ya chini ya mlima peke yake. Ya juu, yaliyo bora, hakuyagusa; alisema si adabu kula katika sahani ambayo hujui kama bado ni yako. Ng'ombe wakakonda kidogo. Nilikuwa naogopa, na niliogopa zaidi nilipoona kwamba Papa naye anaogopa.

"Ya ine?"

"Bado."

Ilifunguka asubuhi ya baridi sana. Nilikuwa nasugua bila matumaini, nimechoka, na mdomoni nilikuwa nayasema maneno yote yanayokuja, ya zizi na ya nje ya zizi: come on, hold on, calm down, we'll get wet. Kitu kikateleza chini ya kidole gumba. Kikatoka kidonge cheupe, halafu tone, halafu mstari mwembamba wa maziwa ulionipiga goti. Niliendelea mpaka mstari ukanenepa. Sauti ya Papa ikaja kutoka upande wa pili wa ua kama kawaida.

"Ya ine?"

"Imefunguka, Papa."

Alikohoa. Kisha nikasikia nyayo zake zinapanda kwa ng'ombe.

Madame alirudi kwa gari, amembeba mtoto mwekundu aliyefungwa kwenye shali. Bwana hakupanda kwetu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kikaushio na kapita. Madame naye hakuingia hata nyumbani kwake. Alikuja moja kwa moja zizini na viatu vyake vya mjini, akampa Mama mtoto bila kuuliza, akachuchumaa chini ya Beti. Alishika kiwele kwa viganja viwili. Alijaribu chuchu moja moja. Ya nne aliijaribu mara mbili, akainua macho kunitazama, maana mkono unaojua unasoma yaliyopita. Papa alisimama mbali kidogo, kofia mkononi, uso mgumu.

Madame akasimama. Akasema maneno mengi kwa haraka, na kwa mara ya kwanza Kiingereza kilinipita. Yalikuwa maneno ya watu. Nilijisikia kama mtu anayetafuta jiwe la kukanyaga katikati ya mto. Kisha akamgeukia Papa, akazungusha mkono juu ya yote: nyumba yetu, moshi wake, ndama, mlima mpaka juu. Akanyosha kiganja. "Stay," alisema. "All of you. Stay."

"Papa," nikasema, "tunabaki."

"Una hakika?"

"Njo neno anaambiaka Beti wakati mulango iko wazi na hataki aende."

Papa alifikiri juu ya hilo. Akaona ni neno la maana. Akaweka fimbo chini, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mbele ya mtu, na akaanza kushukuru. Kwetu aliyepewa majani au ng'ombe hashukuru kwa neno moja. Papa alimshukuru Madame kwa ukoo wake asioujua, kwa mama aliyemzaa ng'ambo ya maji, kwa mtoto aliye mikononi mwa Mama. Akaapa kwamba ng'ombe wake watazaa na watakaozaliwa watajua jina lake. Akataja mlima kwa majina yake yote. Sijawahi kumsikia akisema vizuri namna ile. Mama aliinamisha kichwa. Papa alipomaliza alipumua, akanigeukia.

"Muambie."

Nikamtazama Madame. Nilikuwa na maneno machache, yote ya Beti, na katika hayo nilitafuta lile linalosemwa kazi ikiwa imekwisha na imekwisha vizuri, na moyo wa anayesema umejaa. Nilijua ni lipi. Nikamkaribia, nikaegemeza paji la uso ubavuni mwake, nikampiga kofi dogo la upendo mgongoni.

"Good girl," nikamwambia. "That's it. All done."

Mwili wake ulitikisika. Nilidhani nimekosea, lakini alikuwa anacheka, kisha kicheko kikageuka, akanishika kichwa kwa mikono miwili na machozi yakamteremka mpaka kwenye kola ya koti. Aliitikia tu kwa kichwa, akimtazama Papa, akaitikia tena.

Papa aliyatazama machozi yale kwa makini. Kwetu shukrani iliyosemwa vizuri inapaswa kumtoa mtu machozi, na yake ilikuwa imesemwa vizuri.

"Umemuambia yote?"

"Yote, Papa."

"Kiingereza iko luga fupi," akasema, akavaa kofia yake. "Lakini inafika." Akaokota fimbo, akapiga mluzi, na kundi likaanza kupanda kuelekea majani ya juu.